Kia iliyotumika: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Wiki mbili zilizopita shemeji yangu anayeishi Muscat alinitumia picha ya Kia Sportage nyeupe, viti vya ngozi, rangi haijaguswa. "Shemeji, nikuletee hii? Huku bei yake ni ya kutupa." Nikamuuliza mambo matatu: usukani uko upande gani, injini ni ipi, na imetengenezwa mwaka gani. Akashangaa kwamba sikuuliza kilomita. Nikamwambia, kwa Kia hayo yanakuja baadaye.

Naandika mwongozo huu kwa sababu swali lake naulizwa na wengi, na wengi wao wamezoea Toyota, ambako ukishataja jina umemaliza nusu ya kazi. Kia haiko hivyo. Ndani ya zile herufi tatu mna kampuni tatu: ile iliyokuwa ikitengeneza magari ya Mazda kwa leseni, ile iliyofilisika, na ile iliyofufuliwa na Hyundai. Magari ya hao watatu hayafanani hata kidogo kwa uimara, na yote yana nembo moja. Ndiyo maana siwezi kukupangia orodha kabla ya kukusimulia yalikotoka.

Kutoka baiskeli hadi Bongo

Kampuni ilianza Desemba 1944 mjini Seoul, Korea ikiwa bado chini ya utawala wa Japani, kwa jina la Kyungsung Precision Industry. Mwanzilishi wake, Kim Chul-ho, alikuwa akitengeneza mabomba ya chuma na vipuri vya baiskeli. Vita vya Korea vilipozuka kazi ikahamia Busan, kusini kabisa, na huko ndiko ilikozaliwa baiskeli ya kwanza iliyotengenezwa Korea, Samchuly. Jina hilo maana yake ni "li elfu tatu", namna Wakorea wanavyoitaja nchi yao yote, kutoka ncha hii hadi ile. Mwaka 1952 kampuni ikajiita Kia: silabi ya kwanza inabeba maana ya kuinuka, ya pili ni Asia.

Baada ya baiskeli zikaja pikipiki kwa leseni ya Honda, kisha mwaka 1962 likaja gari la mizigo la magurudumu matatu, K-360, kwa leseni ya Mazda. Ukiwa umewahi kuona guta la injini likiwa limebeba saruji Manzese, umeshaiona K-360 kichwani: gurudumu moja mbele, mawili nyuma, na bodi ya kubebea mzigo. Mwaka 1973 wakafungua kiwanda cha Sohari, huko Gwangmyeong, na mwaka 1974 ikatoka Brisa, gari dogo la familia lililojengwa juu ya Mazda Familia.

Kisha likaja pigo. Mwaka 1981 serikali ya kijeshi ya Chun Doo-hwan iliamua kugawa kazi kati ya viwanda vya magari, na Kia ikakatazwa kutengeneza magari madogo ya abiria. Ikaachiwa malori mepesi na mabasi madogo. Kampuni iliyokuwa imewekeza kila senti kwenye magari ya familia ikabaki na kigari cha mizigo kilichoitwa Bongo. (Msomaji wa Tanzania asitafute uhusiano na jina tunalojiita sisi, Kia waliliazima kwa Mazda.) Hiyo Bongo ndiyo iliyowaokoa. Wenye maduka, wakulima wa mboga, watu wa vifaa vya ujenzi, wote waliitaka. Korea yenyewe ilikuwa inajengwa upya, na aliyeijenga alihitaji kitu cha kubebea.

Ruhusa ya magari ya abiria ilirudi mwaka 1987 na ikatoka Pride, ambayo chini yake ni Mazda 121 na Marekani iliuzwa kama Ford Festiva. Iran waliipenda kiasi kwamba kampuni ya SAIPA iliendelea kuitengeneza hadi 2020. Mwaka 1993 ikaja Sportage ya kwanza. Kwa nje mambo yalikuwa mazuri. Kwa ndani madeni yalikuwa yamefika shingoni. Mwaka 1997, msukosuko wa fedha wa Asia ulipoanza, Kia ikaanguka. Mwaka 1998 ikauzwa, Ford akiwa miongoni mwa waliotaka kuinunua, na Hyundai akaibuka mshindi kwa asilimia 51.

Hapo ndipo mnunuzi wa leo anapotakiwa kutega sikio. Tangu hapo Kia na Hyundai walianza kula chungu kimoja. Picanto ni ndugu wa Hyundai i10. Rio ni ndugu wa Accent. Cerato ni ndugu wa Elantra, Sportage ni ndugu wa Tucson, na kuanzia 2009 Sorento ni ndugu wa Santa Fe. Kitanda kimoja, yaani umbo la chini la gari, injini zile zile, gia boksi zile zile. Ukiwa Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, na muuzaji akakwambia spea ya Kia hana, usiondoke. Muulize ya Hyundai ya mwaka huo huo, umpe namba iliyoandikwa kwenye kifaa chako cha zamani. Spea halisi za kampuni zote mbili hutoka mlango mmoja, Hyundai Mobis.

Lakini ndoa haikuzaa matunda siku ya kwanza. Magari ya kati ya 2000 na 2009 ni ya mpito: mengine bado yana mifupa ya zamani, mengine ni majaribio. Mwaka 2006 wakamchukua Mjerumani Peter Schreyer, aliyekuwa mbunifu wa Audi, naye akawapa ile shoo ya mbele iliyobanwa katikati wanayoiita pua ya simbamarara. Mwaka huo huo kiwanda cha Žilina, Slovakia, kikaanza kazi, na gari la kwanza kutoka humo, cee'd, likauzwa Ulaya kwa dhamana ya miaka 7. Mtu hatoi dhamana ya miaka 7 kwa gari ambalo halijui. Kuanzia kama 2010 ndipo unapoiona Kia iliyotulia: injini zinazotumia cheni badala ya mkanda wa taimingi (ule wa mpira unaotakiwa kubadilishwa kwa wakati wake), bodi zisizolegea, na umeme unaoeleweka. Ile nembo mpya ya herufi zilizoungana, ambayo watu wengi huisoma "KN", ilikuja Januari 2021.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza: chini ya 2010, nunua kwa sababu maalumu tu. Nitazitaja.

Usukani kwanza

Wakorea wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo Kia iliyotumika Korea ina usukani wa kushoto. Hali kadhalika zile za Oman, Dubai na Marekani. Kwa ndugu zetu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura na Kigali, ambao nao wanaendesha upande wa kulia, hiyo ni neema: soko lote la Korea liko wazi kwao, na gari la Korea lililotunzwa ni zuri sana. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda hesabu inageuka. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto ila kwa kazi maalumu. Na hata pale sheria isipokubana, jaribu kulipita lori la mafuta barabara ya Morogoro ukiwa umekaa upande wa bonde. Itabidi utoe gari zima nje ndipo uone kinachokuja.

Sportage ya shemeji iliishia hapo. Usukani kushoto.

Sisi wa usukani wa kulia tunapata Kia sehemu hizi: Uingereza, Afrika Kusini, Australia, Singapore, na mpya kwa mawakala wa hapa nyumbani, zikiwemo Seltos na Sonet zinazoundwa Anantapur, India. Japani, tulikozoea, karibu hazipo; Wajapani hawakuzinunua. Ndiyo maana ukipekua zile tovuti za mnada tunazozijua wote hukutani nazo.

Gari la Uingereza lina faida moja kubwa ambayo watu wengi hawaitumii. Serikali yao inaweka wazi historia ya ukaguzi wa kila mwaka. Ukiwa na namba ya usajili ya gari, unaingia kwenye tovuti ya serikali yao bila malipo na unaona kila mwaka lilisoma kilomita ngapi (kwao maili), lilifeli kwa nini, na mkaguzi aliandika onyo gani. Mita iliyorudishwa nyuma inajianika yenyewe hapo. Kasoro yake ni chumvi: majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi inakula chuma cha chini. Omba picha za chini ya gari. Kung'aa kwa milango hakukwambii lolote kuhusu fremu ya nyuma.

Kisha umri. Kenya haiingizi gari lililozidi miaka 8. Uganda wanafunga mlango kwenye miaka 15. Tanzania unaingiza, ila likishapita miaka 8 linabebeshwa ushuru wa uchakavu, na likipita 10 mzigo unaongezeka. Ukubwa wa injini nao unahesabiwa kwa ngazi, isiyozidi cc 1000, hadi 2000, na zaidi ya hapo. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, kabla hujamtumia mtu hata shilingi moja.

Ya kwanza: Picanto (2011 na kuendelea)

Najua wengi walitegemea niweke gari refu hapa. Lakini mwongozo ni wa mtu anayetumia pesa zake mwenyewe, na kwa mtu huyo hakuna Kia inayotoa thamani kama Picanto.

Ya kwanza kabisa, ya 2004, iache: injini yake ya 1.1 inatumia mkanda wa taimingi, na nyingi zimeshachoka. Tafuta kizazi cha pili, cha 2011 hadi 2016, au cha tatu kuanzia 2017. Injini ni mbili kwa kawaida, 1.0 ya silinda 3 na 1.25 ya silinda 4, zote za cheni. Ile ya 1.0 ina cc 998. Angalia tena namba hiyo ukikumbuka ngazi za ushuru: iko chini ya 1000 kwa cc mbili. Ile ya 1.25 ina cc 1248 na inapanda ngazi ya pili, ila kwa mlima na kiyoyozi ni tamu zaidi. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa achukue 1.0 kwa amani. Mtu wa Mbeya, Lushoto au Limuru aongeze kidogo achukue 1.25.

Urefu wa gari ni milimita 3595 katika vizazi vyote viwili, lakini cha tatu kimepangwa vizuri ndani na buti limekua kutoka lita 200 hadi 255. Hiyo ni tofauti ya begi moja la safari na mfuko wa mchele. Chukua gia za mkono ukipata. Otomatiki ya kawaida ya gia 4 ni ya kizamani lakini ni ngumu kufa. Baadhi ya zile za karibuni zina AMT, yaani gia boksi ya mkono inayokanyagiwa klachi na mtambo wa umeme. Kwenye foleni inasitasita kila inapobadili, na mafundi wa kuijua si wengi. Hiyo sikushauri.

Unachokosa ni kimo. Picanto iko chini, na tuta lisilo rasmi la mtaani kwako linaweza kuwa ndilo la kuamua. Kabla hujanunua, omba uipitishe, ukiwa na watu wanne ndani, kwenye njia unayoingilia nyumbani kila siku. Dakika tano tu, na utajua.

Ya pili: K2700, kwa anayetafuta riziki

Hii ndiyo Bongo yenyewe, mjukuu wa ile iliyookoa kampuni, iliyouzwa nje kwa jina la K2700. Afrika Kusini wameitumia kwa miaka mingi na usukani wake ni wa kulia. Dizeli ya lita 2.7, silinda 4, bila turbo, nguvu za farasi kama 80 tu. Nguvu ndogo kwa injini kubwa: kwa kazi za mizigo hiyo ni sifa, kwa sababu injini isiyokamuliwa inadumu.

Baba mdogo anayo moja. Anabeba mananasi kutoka Kiwangwa kuleta soko la Mabibo. Saa kumi alfajiri anawasha swichi, anasubiri taa ya hita izime, ndipo anapiga stata. Akiharakisha kabla taa haijazima, inakohoa. Akisubiri, inawaka mara moja na kuunguruma kwa mdundo ule mzito wa dizeli ya zamani. Injini iko chini ya viti, joto lake unalisikia kwenye mapaja, na harufu ya mananasi inaingia kupitia dirisha la nyuma. Mlimani anapitwa na kila mtu. Halalamiki. Anachokijali ni kwamba pale kijijini fundi anaweza kuifungua na kuifunga bila kompyuta.

Ukiikagua, usihangaike na kabati; angalia chesisi. Piga magoti, fuata reli zote mbili kutoka mbele hadi nyuma, tafuta mahali palipochomelewa. Mzigo wake ni tani moja na kitu, na wengi huipakia mara mbili ya hapo. Chesisi iliyochomelewa katikati imeshakuambia maisha yake yote. Kisha mwambie muuzaji aizime, aiache ipoe, mfungue kifuniko cha rejeta: ukiona mafuta yanaelea, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Iliyokuja baada yake, K2500, ina dizeli ya 2.5 yenye turbo na nozeli (za kunyunyizia injini mafuta) za umeme. Inakimbia zaidi, inatumia mafuta kidogo, na inadai fundi wa aina nyingine. Familia ya injini hiyo nitaisema kwa ubaya hapo chini, kwa hiyo isome kwanza.

Ya tatu: Sorento 2.2 dizeli (2010 hadi 2019)

Kama una familia ya watu saba na safari za mikoani, hapa ndipo pa kuweka pesa. Mwaka 2009 Sorento iliacha chesisi ya lori ikawa gari la bodi moja, na ikapewa dizeli ya lita 2.2 wanayoiita R. Ina cheni, ina nguvu za farasi karibu 200, na mvuto wake ukitoka kona ya mlimani unakutosha na abiria wote wakiwemo. Kizazi cha kuanzia 2015 kimetulia zaidi na ndani hakuna kelele.

Jambo moja la kuzingatia: zilizotoka Ulaya zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha lenyewe gari likikimbia mwendo mrefu. Mtu anayezunguka mjini tu, kilomita tano kwenda na tano kurudi, analiziba. Kama maisha yako ni hayo, usinunue dizeli yoyote ya kisasa, iwe Kia au nyingine. Kama kila mwezi unakwenda Singida au Kisumu, chukua.

Ya nne: Rio (2011 hadi 2017)

Gari la mtu mmoja anayekwenda kazini, au teksi ya mtandao. Injini ya petroli ya 1.4, cheni, gia za mkono au otomatiki, spea zake za Accent zimejaa. Haina maajabu wala balaa. Zile za 2005 hadi 2011 zina mkanda wa taimingi. Ukinunua, badilisha mkanda siku hiyo hiyo hata muuzaji akiapa kwamba umebadilishwa jana.

Ya tano: Sportage, ambayo ndiyo kila mtu anaitaka

Naipenda kwa macho. Kile kizazi cha 2010, cha enzi ya Schreyer, bado hakijazeeka. Ukiegesha pembeni ya gari la juzi halionekani la kizamani. Tatizo ni kwamba jina Sportage linafunika mambo mengi mno: petroli ya 1.6, petroli ya 1.6 yenye turbo, 2.0, 2.4, dizeli ya 1.7, dizeli ya 2.0, magurudumu mawili na manne, otomatiki ya kawaida na ya klachi mbili. Watu wawili wanaweza kununua Sportage za mwaka mmoja na rangi moja, mmoja akafurahi miaka kumi na mwingine akauza kwa hasara.

Chukua dizeli ya 2.0 yenye otomatiki ya kawaida ya gia 6, au petroli ya 2.0 isiyo na turbo. Jiepushe na 1.6 ya turbo yenye gia boksi ya klachi mbili za gia 7 kama unaishi kwenye foleni: klachi zake ni kavu, hazimo ndani ya oili, na kutambaa kwa inchi kutoka Ubungo hadi Mwenge ndiko kunakozila. Kwenye barabara kuu ni gari zuri sana. Amua kwa njia yako ya kila siku.

Ninazoziweka mwisho

Sorento ya zamani, 2002 hadi 2009. Watu wa safari ngumu wanaipenda na wana haki: ina chesisi ya lori, nyingi zina gia nzito, na bei imeshuka sana. Lakini dizeli yake ya 2.5 ina ugonjwa unaojulikana duniani kote, na lazima uuelewe kabla hujavutiwa na bei. Kila nozeli imekaa juu ya washa ndogo ya shaba, ile pete bapa ya kuziba mwanya. Washa ikichoka, moshi wa mchomo unapenya juu na kuingia kwenye oili. Oili inageuka lami. Lami inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili, turbo inakosa oili na kufa, kisha beringi za krenki zinafuata. Yote hayo kwa washa ya bei ya chai na andazi.

Dalili unaiona kwa macho. Ondoa kava la plastiki juu ya injini. Ukikuta utando mweusi mgumu, kama lami iliyokauka, kuzunguka shina la nozeli hata moja, ndiyo hiyo. Weka sikio injini ikiwa baridi: inatoa mlio wa "chu-chu-chu" kama treni iliyoko mbali. Kutibu ni kutoa nozeli zote, kusawazisha makalio yake, kuweka washa mpya, kisha kushusha sampu na kusafisha chujio. Asiyeshusha sampu hajatibu. Kama muuzaji ana ushahidi kwamba hayo yamefanyika, nunua bila woga, umepata gari la kazi.

Pride, Sephia, Shuma na Rio ya 2000, ziache kwa wenye kuzikusanya. EV6 na EV9 za umeme ni magari makubwa kweli. EV6 ilikuwa Gari la Mwaka la Ulaya 2022, na kwenye chaja yenye nguvu sana inatoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18. Chaja ya namna hiyo ikifika karibu na kwako, tutaongea.

Kwa mlioko Marekani

Ninyi mna mambo mawili ya ziada. La kwanza ni injini za Theta II, hasa 2.4 ya sindano ya moja kwa moja (petroli inanyunyizwa ndani ya silinda yenyewe) na 2.0 ya turbo, zilizomo kwenye Optima, Sorento na Sportage za kuanzia 2011. Mabaki ya chuma kutoka kiwandani yaliziba njia za oili kwenye krenki, beringi zikafa, na mwaka 2017 Kia ikaanza kuyaita magari hayo yarudishwe kutengenezwa. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa serikali ya Marekani wa usalama barabarani, uone kama kazi imefanyika. Humo humo angalia wito wa Septemba 2023, Kia na Hyundai walipoita magari zaidi ya milioni 3 kwa sababu ya kifaa cha ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga) kinachoweza kuvuja ndani na kushika moto. Lisilotengenezwa lisilale ndani ya gereji iliyoungana na nyumba.

La pili ni wizi. Kia nyingi za kule za 2011 hadi 2021 zinazowashwa kwa ufunguo wa kuzungusha hazikuwekewa imobilaiza, kile kifaa kinachozuia injini isiwake bila ufunguo wenye chipu yake. Kwa magari ya 2015, asilimia 26 tu ya Kia na Hyundai ndiyo yaliyokuwa nayo, wakati kampuni nyingine zilifika 96. Vijana walijifunza kwenye video, na tangu 2022 yameibwa mengi mno. Chukua lenye kitufe cha kuwashia, au hakikisha lile la ufunguo limewekewa programu mpya iliyotolewa 2023. Na uliza bima kwanza.

Siku ya kukagua

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji usiku wa jana kwamba asiliwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la vuguvugu, kuna kitu hakutaka ukisikie, ahirisha. Likiwa baridi, simama pembeni ya injini wakati mtu mwingine anawasha. Cheni iliyolegea inagonga sekunde mbili tatu za kwanza kisha inanyamaza, na sekunde hizo huzipati tena siku hiyo.

Kisha soma namba ya chesisi. Ikianza na KNA, gari limetoka Korea. U5Y ni Slovakia, MZB ni India, 5X ni Marekani. Herufi ya kumi mara nyingi ndiyo mwaka wa modeli: F ni 2015, G 2016, H 2017, J 2018, K 2019, L 2020. I haitumiki, ndiyo maana baada ya H inakuja J. Linganisha na kadi ya gari, na tarehe iliyofumwa kwenye lebo za mikanda ya usalama, ambayo watu husahau kuibadilisha. Mkanda wa 2019 kwenye gari la 2016 unadai maelezo.

Shemeji amenitumia namba nyingine jana, safari hii ya Picanto 1.0 iliyoko Birmingham kwa binamu yake. Inaanza na KNA, herufi ya kumi ni K. Nimeshaiona historia yake ya ukaguzi, mita inapanda sawasawa kila mwaka. Nimemwomba binamu alale chini apige picha za fremu ya nyuma, pande zote mbili, kabla hatujaongea bei.